Pale Wimbo Unapopanda

Jumatatu, 23 Machi. Chanika

Pilau ya Idd imekwisha, na mimi bado sina kazi. Nilimaliza chuo mwaka jana, ualimu wa Kiswahili na Historia, na tangu hapo kazi yangu ni kusubiri ajira na kupalilia mahindi ya Bibi. Leo simu imelia. Ni Dokta Paulina, mhadhiri kutoka Dar es Salaam. Anafungua maabara ya utafiti kule Korogwe kwa masika haya, anataka kujua akili ya mtu inafanya nini inaposikia muziki. Anatafuta msaidizi anayejua Kizigua, na mwalimu wangu wa zamani ndiye aliyempa namba yangu.

"Unaimba?" akaniuliza.

Nikasema naimba kidogo. Bibi alikuwa pembeni anapepeta mchele, akacheka mpaka ungo ukamtoka. Sauti yangu ni ya bawaba iliyokosa mafuta, mtaa mzima unajua. Shuleni mwalimu wa nyimbo alinibembeleza nichezeshe midomo tu.

Dada Fatu hakucheka. Alikuwa kaketi mlangoni na tumbo lake la mwezi wa nane, anatazama mawingu. Yeye ndiye sauti ya nyumba hii. Harusi ya Chanika haikuwa harusi mpaka Fatu ashike wimbo. Lakini masika ya mwaka jana alijifungua mtoto wa kiume, na siku ya nne tukamzika. Tangu hapo hajaimba, hata akiosha vyombo. Amerudi kwa Bibi kujifungulia hapa, na mimba hii anaibeba kama mzigo wa msafiri mwenzake aliyemwomba amshikie mara moja. Hajanunua hata kitambaa cha kumpokelea mtoto. Mumewe, shemeji Hussein, akinunua vitu vya mtoto, anavificha kwa Bibi, chini ya kitanda.

Jumatano, 25 Machi. Manundu

Maabara yenyewe ipo Manundu, Korogwe mjini: chumba cha duka kilichokuwa kinauza vitenge. Tumesimamisha magodoro ukutani pande zote ili kelele za nje zisiingie. Mimi nalala chumba cha nyuma siku za kazi. Yupo pia Deogratius, fundi wa mitambo, kijana mrefu asiyejua kunyamaza.

Tulibandika tangazo mlangoni: MAABARA, KARIBUNI. Wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Mdoe, jirani, mkono wa shati kaupandisha mpaka begani. Alikuwa hajala tangu jana, anataka apimwe damu.

"Shikamoo mzee. Hapa hatupimi damu, tunapima masikio."

"Marahaba. Masikio yangu mazima. Chai mnayo?"

Tukampa chai na maandazi, ndipo akakubali kupimwa. Kipimo ni hivi: unavaa hedifoni, unasikiliza nyimbo unazozijua, za harusini, za kulimia, za kubembeleza watoto. Katika kila wimbo Deogratius kaharibu sauti moja kwa kompyuta. Ukisikia palipoharibika, unabonyeza kitufe cha kijani. Basi.

Nimejaribu na mimi. Deogratius kaniambia kwa upole kwamba kuku akidonoa kile kitufe angepata alama nyingi kuliko zangu.

Ijumaa, 27 Machi. Manundu

Mvua juu ya bati. Hakuna kilichosikika. Tumekunywa chai.

Jumamosi, 28 Machi. Chanika

Nimekuja nyumbani wikiendi. Mahindi yamefika magotini. Jirani alileta mtoto wake mchanga Bibi amwone, na Bibi akamwimbia wimbo wetu, ule ambao ukoo wetu wote tumelelewa nao:

*Mgeni karibu ndani,*
*nje mvua yanyesha.*
*Mgeni keti na sisi,*
*moto umeshawaka.*

Kwetu mtoto hapewi jina mpaka siku ya saba. Kabla ya hapo ni mgeni, na huimbiwa hivyohivyo, mgeni. Siku ya saba akishanyolewa na kuitwa jina, jina lake linaingia kwenye wimbo mahali pa mgeni, na halitoki tena. Mimi nina miaka ishirini na minne na Bibi akinitania bado ananiimbia *Hafsa karibu ndani*. Pale kwenye *ndani* wimbo unapanda ghafla. Kila mtu wa nyumba hii hupanda nao. Mimi ndipo ninapoangukia, tangu utoto.

Bibi alipofika *ndani*, Fatu aliinuka akatoka nje kuanua kanga kambani. Zilikuwa zimeshalowa, na mvua yenyewe ilikuwa bado inanyesha. Alisimama pale muda mrefu, kanga mkononi.

"Mwache," Bibi akaniambia. Nikamwacha, lakini sikupenda.

Alhamisi, 2 Aprili. Manundu

Mvua. Dokta Paulina kakasirikia bati kana kwamba limemtukana.

Jumanne, 7 Aprili. Manundu

Leo tumehamishia mitambo Ngombezi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, kwa kuwa mvua ilituachia asubuhi. Wanawake walikuja baada ya zamu, wengine wanatoka kuanika katani na nyuzi bado zimewakaa kichwani. Wa kwanza alikuwa Mama Grace, mwanamke mnene mwenye kicheko. Akavaa hedifoni, akafumba macho. Wimbo ulikuwa wa kulimia. Ulipofika pale palipoharibiwa, Mama Grace hakubonyeza kitu. Alifungua kinywa akaimba, kwa sauti kubwa, kipande kilekile kilivyotakiwa kiwe, halafu akanyamaza akaendelea kusikiliza.

"Mama, ukisikia kosa unabonyeza," nikamkumbusha.

"Ndiyo, mwanangu."

Wimbo wa pili, akaimba tena. Kitufe hakukigusa. Mwanamke wa pili hivyohivyo, na wa tatu. Jioni Dokta Paulina alitazama kompyuta akashika paji la uso. Kompyuta inasema wanawake wa Ngombezi hawasikii kosa lolote.

Mimi niliona kitu kingine, ila sikuwa na ujasiri wa kusema mbele ya Dokta. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniambia, Hafsa, umekosea wimbo. Kwenye ngoma na harusi, nikianguka, wenzangu huinua sauti tu mpaka niwapate. Nilikuwa nadhani wanafurahi sana pale. Leo kumtazama Mama Grace nimeelewa, na nimeona aibu ya miaka yote kwa mkupuo mmoja. Halafu nikacheka peke yangu kwenye magodoro.

Jumatano, 8 Aprili. Manundu

Nimejikaza nikamwambia Dokta: wanasikia, tena wanasikia vizuri, ila wanajibu kwa mdomo. Akaniambia, "Kitufe, Hafsa. Kompyuta inasoma kitufe." Namwona mkavu. Anakula peke yake, anapiga mstari chini ya kila kitu.

Ijumaa, 10 Aprili. Manundu

Mama Grace kapita sokoni, kaja kutusalimia. Nikamwuliza wazi, mbona hukubonyeza?

Akashangaa. "Mwenzio akipotea njiani utamwonyesha kidole? Unamwitikia, anarudi. Yule kwenye redio yenu kapotea peke yake, hana hata mwitikiaji. Nilimwonea huruma."

Dokta Paulina alikuwa nyuma yangu na kikombe chake. Chai ilipoa mkononi mwake, na mchana nilimsikia, mlango umefungwa, anaimba kidogokidogo wimbo wa kanisani na kurudia sehemu moja.

Jumamosi, 18 Aprili. Chanika

Nimefanya upumbavu.

Nilijiona mjanja. Wiki hii nilimwomba Deogratius anitengenezee wimbo wetu, Bibi aliniimbia kwenye simu, naye akaharibu ile sauti ya *ndani*, akaishusha badala ya kuipandisha. Nikaazima hedifoni. Nilijiambia: Fatu akisikia kosa atashindwa kujizuia, ataimba kama Mama Grace, na akishaimba mara moja basi kufuli limefunguka. Akili za shahada.

Nilimkuta chumbani kaegemea ukuta, miguu imemvimba. Nikamwambia dada, nisaidie kazi yangu kidogo. Kanivalia hedifoni bila ubishi, kwa kuwa ananipenda. Nikabonyeza. Nilimwona uso. Ulipofika *ndani*, midomo ilifunguka. Nikasogea. Halafu akazivua zile hedifoni, akaziweka juu ya mkeka taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Mimi siyo wa kupimwa, Hafsa."

"Dada, nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Wote mnataka. Hussein anaficha nguo chini ya kitanda cha Bibi, anadhani sizioni. Bibi anaimbia watoto wa majirani mbele yangu. Sasa na wewe umeniletea mashine."

Mvua ilianza, tukawa tunaisikiliza sote wawili. Ndipo akasema, bila kunitazama:

"Nilimtaja."

"Nani?"

"Yule. Siku ya pili, Bibi ametoka kuchota maji, nikamwimbia. Nilikuwa na furaha, Hafsa, hujui furaha ile. Tulikuwa tumeshachagua jina, mimi na Hussein. Nikaona mgeni, mgeni, huyu siyo mgeni, nimemjua miezi tisa. Nikaliweka jina kwenye wimbo. *Twaha karibu ndani*. Nikamtaja kabla ya siku zake, na siku ya nne akaenda."

Nikamwambia dokta wa hospitali alisema ni mapafu. Nikamwambia Mungu haui mtoto kwa sababu ya wimbo. Nikasema na mengine, yote ya kweli, na yote hayakuwa na kazi.

"Najua," akasema. "Kichwa kinajua. Lakini koo halijui. Likifika pale linafunga."

Akalala akanigeukia mgongo. Nikakaa nyuma yake nikamkanda miguu mpaka akapitiwa na usingizi. Nampenda dada yangu kuliko mtu yeyote duniani na leo nimemfanyia mtihani.

Jumapili, 19 Aprili. Chanika

Nilimwambia Bibi. Aliendelea kuchambua kunde. Mwisho akasema, "Na mimi nilimtaja baba yenu siku ya tano. Alikuwa mzuri mno. Si alikua akawa mzee mzima na kitambi?"

"Sasa mbona hukumwambia Fatu?"

"Hakuniuliza. Na wewe ndiyo kwanza unaniambia."

Alikwenda chumbani akakaa na Fatu mpaka adhuhuri. Sijui walizungumza nini. Fatu alikula vizuri mchana. Hakuimba.

Jumatano, 22 Aprili. Manundu

Dokta Paulina amebadilisha kipimo. Amekitoa kile kitufe cha kijani, ameweka kipaza sauti mbele ya msikilizaji, na kompyuta sasa inasikiliza mtu anaingilia wapi. Tumewarudia wanawake wa Ngombezi. Karibu wote wameingilia palepale, wengine hata kabla ya kosa kufika, wanalisikia linakuja. Deogratius alikuwa anarukaruka kati ya magodoro.

Mzee Mdoe naye kapimwa tena. Ameimba nyimbo zote mwanzo mpaka mwisho, palipoharibika na pasipoharibika, akaomba maandazi.

Jioni Dokta alinikaribisha tule pamoja, ugali na samaki. Akaniambia alikulia kwenye kwaya, baba yake ndiye alikuwa mwalimu wa kwaya, na nyumbani kwao aliyekosea alichapwa. "Ndiyo maana niliweka kitufe," akasema, kisha akacheka, lakini macho hayakucheka. Nilikuwa namwita mkavu. Nimejuta. Amenitaka niendelee na maabara baada ya masika, itakapohamia Lushoto. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.

Jumatatu, 27 Aprili. Manundu

Shemeji kapiga simu: Bibi kashikwa na mafua makali, sauti imekauka kabisa. Anaongea kwa mikono. Shemeji anasema nyumba haijawahi kuwa na utulivu namna hii. Naomba ruhusa.

Jumamosi, 2 Mei. Chanika

Uchungu ulimwanza Fatu alfajiri, na mpaka jua la saa nne tulikuwa tumeshapata mtoto. Wa kike. Analia kama anadai haki yake. Manesi wa hospitali walimsikiliza mapafu mara mbili kwa kuwa niliwaomba, na mara ya tatu kwa kuwa niliwakera. Mazima.

Fatu alimnyonyesha. Anafanya kila kitu kinachotakiwa. Lakini anamtazama mtoto kwa pembe ya jicho tu, kama mtu anayeogopa kumwamsha.

Jumapili, 3 Mei

Mvua. Mtoto ananyonya. Uji wa pilipili manga.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua. Hakuna anayetaja kesho.

Jumanne, 5 Mei. Chanika

Siku ya nne.

Shemeji Hussein hakwenda kazini. Alikaa barazani anatia mpini jembe ambalo lina mpini. Bibi alipika, akapika tena. Mimi nilikuwa namtazama mtoto kifua kila mara, kinapanda, kinashuka, mpaka Fatu akaniambia nitoke mbele ya dirisha.

Baada ya adhuhuri mtoto alianza kulia. Amekwisha nyonya, mkavu, hana homa, tumbo laini. Analia tu. Fatu kampakata, anamtikisa, midomo ameibana mpaka imekuwa myeupe. Kilio kikazidi. Bibi akafungua kinywa amwimbie, ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena. Hakuna kitu. Halafu akanigeukia mimi.

"Mimi?" nikasema.

Akanionyesha kwa kidevu: wewe.

Nikampokea mtoto. Mwepesi mno, na hasira yake nzito. Nikaanza: *Mgeni karibu* — na kwenye *ndani* nikaanguka, palepale pa siku zote. Mtoto alinyamaza kidogo, nadhani kwa mshtuko, kisha akalia zaidi. Shemeji barazani akaacha kugonga mpini. Nikarudia. Nikaanguka tena. Naapa sikukusudia. Mtu hakusudii alichozaliwa nacho. Nilikuwa nalia na mimi, naimba na nalia, na sauti ikawa mbaya kuliko ilivyowahi kuwa.

Mara ya tatu nilipofika *karibu*, kabla sijaanguka, sauti nyingine ikatoka nyuma yangu. Ndogo, ina kutu. Ikapanda mahali pangu. *Ndani.* Neno hilo moja tu.

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka nitaiharibu. Nikaendelea na mvua, na moto, nikarudi mwanzo, na nilipofika pale nikapunguza mwendo kidogo. Akapanda tena. Duru iliyofuata alianzia kwenye *karibu*. Iliyofuata aliushika wote, na mimi nikabaki kuitikia kwa chini. Ilikuwa sauti ya Fatu, ya harusini, ila imelala mwaka mzima.

"Mlete hapa," akasema. "Unamtesa mwanangu."

Mwanangu. Bibi alijifunika uso kwa kanga. Nikampa mtoto, nikatoka barazani kwa shemeji, nikamkuta kaliweka jembe magotini na analia bila kujificha. Mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli. Tulikaa pale tukasikiliza: *mgeni karibu ndani, mgeni keti na sisi*. Jioni mtoto alikuwa mzima. Usiku alikuwa mzima.

Jumatano, 6 Mei

Mzima.

Alhamisi, 7 Mei

Mzima, na amejisaidia kwenye gauni langu jipya. Fatu kacheka kwa sauti.

Ijumaa, 8 Mei. Chanika

Siku ya saba. Asubuhi mvua imekata, mahindi yanang'aa. Mtoto kanyolewa, mbuzi kachinjwa, Hussein kamtaja jina sikioni na sote tukalisikia: Mwanamvua. Majirani wamekula wameshiba. Dokta Paulina na Deogratius wamekuja kutoka Korogwe na kanga mbili, na Deogratius kaongea na kila mtu, hata na mbuzi kabla hajachinjwa.

Lakini mimi nilikuwa namtazama Fatu. Jina limetolewa, watu wanaliita, yeye bado. Mtoto akilia, anaimba *mgeni karibu ndani*. Mchana mzima, mgeni. Bibi, ambaye sauti imeanza kurudi, alinong'ona, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," lakini hakumwambia yeye. Hakuna aliyethubutu. Ukilisema jina kwenye wimbo halitoki tena, na Fatu anajua linavyouma likibaki peke yake.

Watu walipoondoka nilikaa karibu naye mkekani. Nikamchukua mtoto. Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki nzima huku shambani, mahindi ndiyo mashahidi. Nikavuta pumzi.

*Mgeni karibu ndani*, nikaimba, na kwenye *ndani* nikapanda. Nilipanda kabisa, nikafika. Deogratius angepiga makofi.

"Umekosea," Fatu akasema.

"Wapi? Dada, nimepanda! Bibi, si nimepanda?"

"Umepanda," akasema. Akanyoosha mikono, akamchukua mtoto, akamweka usoni kwake, na kwa mara ya kwanza akamtazama moja kwa moja. "Lakini huyu siyo mgeni."

Na akaimba.

*Mwanamvua karibu ndani.*